Nani Ashikaye Kalamu? Michoro ya Makazi na Maji Yajayo



Tunazungumza nanyi juu ya jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, laonekana geni katika mikutano yetu. Tumezoea kuzungumzia ardhi, mishahara, uchaguzi na magomvi ya mirathi. Leo tumeombwa tuzungumzie michoro: michoro ya majengo na ya mitaa, ile ichorwayo na wasanifu majengo na wapanga miji, na namna iwezavyo kutusaidia kuyaelewa mabadiliko ya tabianchi na kuitazama kesho kabla haijatufikia.

Huenda mmoja wetu akajiuliza: haki na amani zina uhusiano gani na rula na penseli? Jibu letu ni hili. Mwezi Desemba 2015 na Januari 2016, nyumba nyingi za bonde la mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, zilipakwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na nyingi kati yake zikabomolewa. Alama ile nayo ilikuwa mchoro. Mistari miwili ilitosha kusema kwamba nyumba hii haitakuwapo kesho. Lakini mistari ile haikusema wenye nyumba watalala wapi, watoto watasoma wapi, wala mama auzaye maandazi asubuhi atamwuzia nani. Ulikuwa mchoro wa kesho usio na mtu ndani yake.

Kwa hiyo swali la mada yetu ni la haki. Maji yatakuja, hilo wataalamu wamekwisha kulieleza. Nani basi atachora jinsi tutakavyoishi nayo, na nani atakuwamo katika mchoro huo?

I. LUGHA YA WACHORAJI

Kabla ya kwenda mbali, hatuna budi kujifunza lugha yenyewe. Si ngumu. Msanifu majengo hutumia aina chache za michoro, na kila moja husema jambo lake.

Ya kwanza ni ramani, yaani mahali paonekanavyo kutoka juu, kama ndege aonavyo. Ramani hutuambia nini kipo karibu na nini: nyumba, kisima, shule, mto. Ya pili ni mwonekano wa mbele, yaani jengo jinsi alionavyo mtu asimamaye barabarani. Ya tatu ni mkato. Hapa mchoraji hulikata jengo au bonde zima kwa kisu cha mawazo, kama tukatavyo papai katikati tupate kuona mbegu. Mkato hutuonyesha kimo: sakafu iko juu kiasi gani, mtaro uko chini kiasi gani, na maji yakipanda yatafika wapi. Ya nne ni taswira, yaani picha ya mahali ambapo hapajajengwa bado, iliyochorwa kana kwamba sisi tumekwisha fika na kusimama pale.

Michoro yote hiyo, isipokuwa taswira, huenda kwa kipimo. Sentimita 1 ya karatasi yaweza kuwa mita 1 ya ardhi, au mita 10, au mita 100. Kipimo ndicho kiapo cha mchoraji. Mchoro usio na kipimo waweza kupendeza, lakini hauwezi kuulizwa maswali.

Sasa tuitazame kazi ya lugha hii katika jambo letu. Mwaka 2021 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, liitwalo IPCC, lilieleza kwamba kati ya mwaka 1901 na 2018 wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa kiasi cha sentimita 20. Lilieleza pia kwamba, kufikia mwaka 2100, bahari yaelekea kupanda sentimita 28 hadi 55 juu ya usawa wa miaka ya 1995 hadi 2014 endapo mataifa yatapunguza upesi sana hewa chafu iongezayo joto. Endapo hewa hiyo itaachwa iongezeke mno, bahari yaelekea kupanda sentimita 63 hadi 101.

Tukizisoma namba hizo katika mkutano wa mtaa, watu husikiliza kwa heshima kisha huenda zao. Sentimita 63 ni nini kwa mtu aishiye kilomita 2 kutoka ufukweni? Lakini hebu tuchore mkato. Tuchore bahari, ufukwe, barabara, mtaro wa maji ya mvua, kisha nyumba. Pwani ya Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3. Maji yakijaa, hufunika mdomo wa mtaro umwagao maji baharini. Mvua kubwa ikinyesha saa hiyohiyo, maji ya mtaani hukosa njia ya kutokea, hurudi nyuma, na kuingia ndani ya nyumba zilizo mbali na ufukwe. Sasa tuupandishe mstari wa bahari kwa nusu mita tu. Mtoto wa darasa la tano atakuonyesha kwa kidole: mdomo wa mtaro utazibwa mapema zaidi, na utafunguliwa kwa kuchelewa zaidi. Hapo namba imekuwa nyumba ya mtu.

Tuongeze jambo moja. Katika mkato huo tuandike mistari mitatu: bahari ya leo, bahari ya 2050, bahari ya 2100. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2020 atakuwa na miaka 30 mstari wa pili utakapofika, na atakuwa mzee wa miaka 80 mstari wa tatu utakapofika. Twasema juu ya watoto tunaowabeba migongoni sasa hivi.

II. MISTARI YA ZAMANI

Tusidhani kwamba kuichora kesho ni jambo jipya. Miji yetu ilichorwa, na twaishi hadi leo ndani ya mistari ya watu waliokwisha kufa.

Wakati wa utawala wa Wajerumani na wa Waingereza, mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa kadiri ya watu: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kutenganisha. Leo twapita pale kwa miguu, twapumzika chini ya miti, na wengi wetu hatujui kwamba mahali petu pa kupumzikia palianza kama mstari wa kututenga. Hivyo ndivyo mchoro ufanyavyo kazi: ukiisha kuwa ardhi, hausomeki tena kama uamuzi wa mtu, huonekana kama jambo la asili.

Baadaye zilitengenezwa ramani kuu za jiji, za mwaka 1949, 1968 na 1979. Bonde la Msimbazi lilitajwa kuwa mahali pa hatari pasipofaa kujengwa makazi. Wachoraji hawakukosea kuhusu maji. Mto ule hutoka katika vilima vya Kisarawe na Pugu, hupita katikati ya jiji, hufika Jangwani, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila aliyeuchora aliona kwamba maji yatahitaji mahali pa kutandaza miguu.

Lakini kuhusu watu, ramani zilinyamaza. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao waliitwa na kazi za mjini. Mji uliwahitaji wabebe mizigo, wajenge maghorofa, wafue nguo, wauze mboga. Ramani haikuwachorea mahali wanapoweza kumudu kodi wakiwa karibu na kazi zao. Basi walikwenda pale ambapo ramani ilipaacha patupu. Aliyejenga bondeni aliuona mto. Alichokosa ni mahali pengine. Na hata mipango rasmi haikuliheshimu bonde sikuzote: karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa palepale Jangwani, ikafurika mara kwa mara.

III. MSIMBAZI: KUTOKA X HADI KALAMU

Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Baadhi ya kaya zilizokuwa mabondeni zilihamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Walipata ardhi kavu, lakini walikuwa mbali na soko, mbali na hospitali, mbali na riziki. Tangu hapo mafuriko yamerudi tena na tena, na barabara ya Jangwani ikafungwa kwa maji mara nyingi hata watu wameacha kuhesabu.

Kisha zikaja alama nyekundu tulizozitaja. Tusiseme kwamba hazikuwa na msingi wowote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Mita 60 ni mstari wenye busara. Lakini mstari wenye busara, ukishushwa juu ya watu ambao hawakuulizwa, hugeuka kuwa jeraha. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa uliachwa kwa miaka zaidi ya thelathini, kisha gharama yote ya ukuta ikatupwa juu ya mabega ya wanyonge katika wiki chache.

Katika miaka hiyohiyo, hata hivyo, njia nyingine ilianza. Mwaka 2015 ulizinduliwa mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wenyewe walitembea mtaa kwa mtaa katika kata zenye hatari ya mafuriko. Walipima nyumba, vichochoro, mitaro na madaraja madogo. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Na wakazi wakaonyesha maji yalifika wapi. Jambo hili laonekana dogo, kumbe ni kubwa. Mtu asiyekuwamo katika ramani huonekana mvamizi hata kama amezaliwa pale. Mtu aliyemo, mwenye mlango wake na mtaro wake, yabidi ahesabiwe.

Mwaka 2018 watu wa idara za serikali, wahandisi, wachoraji na wakazi waliketi pamoja katika mfululizo wa vikao juu ya bonde la Msimbazi. Walichora, wakafuta, wakachora tena. Mpango uliotokana na vikao hivyo ulitolewa mwaka 2019. Kiini chake chaonekana vizuri katika mkato: katikati ya bonde la chini pachimbwe na kuachwa kuwa bustani kubwa ya jiji, inayoruhusiwa kufurika mvua inyeshapo, udongo utumike kuinua kingo ili pajengwe juu yake, daraja la Jangwani liinuliwe, na miti ipandwe huko juu ili kuzuia mchanga usijaze mto. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kazi hiyo.

Twakiri kwamba mchoro huu ni bora kuliko X. Unakubali kwamba mto una haki ya kupita, na unajaribu kuonyesha watu watakavyoishi baada ya hapo. Lakini kazi ya haki haimaliziki mchoro unapopendeza. Yatupasa kuuliza: katika kingo zilizoinuliwa, nani atamudu kukaa? Mwenye nyumba hulipwa fidia. Je, mpangaji wa chumba kimoja, ambaye hana hati wala risiti, atahesabiwa vipi? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe bila kuchelewa. Maneno hayo hayaonekani katika taswira, kwa maana taswira huchora miti na watu watembeao; haichori siku ya malipo. Ni juu yetu kuyasoma maneno hayo kando ya picha.

IV. MIFANO MITATU KUTOKA MBALI

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Tutazame walivyofanya wengine, katika kufaulu na katika kuanguka.

Mfano wa kwanza ni New York, Marekani. Mwaka 2010 jumba la makumbusho ya sanaa liitwalo MoMA liliwaita wasanifu waichore bandari ya jiji hilo jinsi itakavyokuwa bahari ikipanda. Vikundi vitano vilifanya kazi hiyo. Kate Orff na wenzake walichora miamba ya chaza ili ipunguze nguvu za mawimbi na kusafisha maji. Wengi waliitazama michoro ile kama ndoto za maonyesho. Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Oktoba 2012, tufani iliyoitwa Sandy iliingiza bahari mjini, na zaidi ya watu 40 wakafa katika jiji hilo. Ndipo serikali ikaitisha mashindano ya mipango ya kujenga upya. Wazo la miamba lilirekebishwa na kupelekwa kwenye pwani ya Staten Island, likapewa dola milioni 60, na baada ya miaka mingi ya kupima na kushauriana na wakazi, mawe yakawekwa baharini. Mchoro uliotangulia maafa ulisaidia watu wasianze na karatasi tupu huku wakiwa na msiba.

Mfano wa pili ni Makoko, mtaa wa wavuvi uliojengwa juu ya maji huko Lagos, Nigeria. Msanifu Kunlé Adeyemi alibuni shule iliyoelea juu ya mapipa ya plastiki, yenye umbo la pembetatu, ikakamilika mwaka 2013. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Watu waliona ndani yake Afrika iliyo tayari kwa maji yajayo. Mwezi Mei 2016 nakala yake ilipewa tuzo huko Venice, Italia. Tarehe 7 Juni 2016, baada ya mvua kubwa, shule yenyewe iliporomoka. Watoto walikuwa wamekwisha kuondolewa, wala hakuna aliyeumia. Hatusemi haya ili kumcheka mtu. Aliyejaribu ni bora kuliko aliyekaa. Lakini tujifunze: picha ya jengo yaweza kusafiri kwa wepesi kuliko matengenezo yake. Mchoro wa kesho hauna budi kusema nani atakaza misumari mwaka wa tatu, na kwa fedha ya nani.

Mfano wa tatu ni Bangladesh. Katika mito mikubwa ya nchi ile kuna visiwa vya mchanga ambavyo hutokea na kumezwa na maji, na maskini wasio na ardhi huishi juu yake. Tangu mwaka 2020 msanifu Marina Tabassum ameshirikiana na watu hao katika nyumba iitwayo Khudi Bari, maana yake nyumba ndogo. Ni ya mianzi iliyounganishwa kwa viungo vya chuma. Ina sakafu ya juu ambamo familia hupanda maji yajapo, na yote yaweza kufunguliwa, kubebwa na kusimamishwa mahali pengine. Mwaka 2025 ilikuwa miongoni mwa kazi zilizopewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu. Twapenda kuutazama mkato wake kwa sababu ni mwepesi: mtu yeyote auonaye huelewa papo hapo maji yatakuwa wapi na mtoto atakuwa wapi. Michoro bora ya kesho ni ile ambayo mama wa nyumba aweza kuisahihisha.

V. MICHORO NAYO HUSEMA UONGO

Mmoja wetu aliwahi kualikwa katika mkutano ambapo wakazi walionyeshwa taswira kubwa ya mtaa wao utakavyokuwa. Palikuwa na nyasi za kijani, baiskeli, na watoto wenye maputo. Watu walipiga makofi. Kisha mzee mmoja akasimama, akaikaribia picha ile, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza: "Samahani, wanangu. Natafuta nyumba yangu. Je, mimi ni yupi kati ya hawa?" Ukumbi ukanyamaza, na hakuna aliyemjibu.

Swali la mzee yule latosha kuwa somo zima. Kila tunapoonyeshwa mchoro wa kesho, tuuhoji hivi:

Kwanza, mchoro huu una tarehe? Waonyesha mwaka gani, na katika mwaka huo maji yamedhaniwa kufika wapi?

Pili, wapi mkato? Ramani na taswira zisizo na mkato huficha kimo, na maji hayajui kitu kingine ila kimo.

Tatu, waonyesha siku ya jua peke yake, au waonyesha pia usiku wa mvua ya masika?

Nne, waliopo leo wako wapi ndani yake? Wapangaji, wachuuzi, wazee, walemavu, wafugaji wa kuku?

Tano, maji yanayoondolewa hapa yanapelekwa kwa nani? Ukuta uokoao mtaa mmoja waweza kuzamisha mtaa wa jirani.

Sita, nani atatunza, nani atalipa, na nani aliukubali kabla haujachapishwa?

Tukumbuke na jambo la saba, lililo kubwa kuliko mitaa yetu. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa itolewayo na viwanda, magari na mitambo ya dunia. Waliochangia kidogo ndio wanaoambiwa wahame kwanza. Mchoro wa haki hauwezi kuuficha ukweli huo. Lakini pia ukweli huo usiwe kisingizio cha kukaa mikono mifukoni huku mitaro yetu imejaa taka tulizozitupa sisi wenyewe.

VI. TUCHORE PAMOJA

Twapendekeza kazi ambayo kila jumuiya yaweza kuifanya kwa Jumamosi mbili, bila fedha nyingi.

Jumamosi ya kwanza, tembeeni. Mchukue kamba yenye alama za mita, mkaa na daftari. Waulizeni wakongwe wa mtaa maji yalifika wapi katika kila mafuriko wanayoyakumbuka, na muweke alama ya mkaa ukutani pamoja na mwaka wake. Sisi tulipofanya hivyo katika jumuiya moja ya bondeni, mama mmoja alikataa kamba yetu. Alisimama kando ya mlango wake, akaweka kiganja chini ya kifua, akasema, "Hapa. Nilikuwa nimembeba mtoto kichwani." Tulichora mstari kwenye kiganja chake. Hakuna kipimo cha kitaalamu kilichowahi kutufundisha zaidi ya hicho.

Jumamosi ya pili, chorani. Tandazeni karatasi kubwa, hata za mifuko ya saruji, na mchore mkato wa mtaa wenu kutoka mlimani hadi mtoni, pamoja na alama zote za mkaa. Kisha mchore kesho tatu, kila moja katika karatasi yake. Ya kwanza: tusipofanya lolote hadi 2050. Ya pili: tukikaa, lakini tukainua sakafu, tukasafisha mitaro, tukapanda miti au mikoko, na kuandaa mahali pa kukimbilia. Ya tatu: tukihama pamoja, tukiwa na shule, zahanati, soko na majirani wetu. Vijana wachore ya kwao peke yao, na akina mama ya kwao peke yao, ndipo mzilinganishe. Mtashangaa. Wanaume wengi huchora barabara. Akina mama huchora mahali pa maji, jiko na taa ya usiku. Watoto huchora mti na mahali pa kuchezea. Mji wahitaji yote hayo.

Tusiogope kuichora kesho ya tatu. Kuna mahali ambapo kukaa ni kungoja kifo, na upendo wa kweli husema hivyo. Lakini tofauti ya kuhama na kuhamishwa ni kubwa. Anayehama ameshika kalamu. Anayehamishwa amekuta X mlangoni asubuhi.

Michoro ikiisha, isifungiwe kabatini. Ipelekeni kwenye serikali ya mtaa na kwa diwani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka wananchi washirikishwe katika mipango ya maeneo yao. Basi muende mkiwa na karatasi mkononi, si malalamiko pekee. Waombeni wanafunzi na walimu wa usanifu na mipango miji waje kuwasahihishia vipimo. Mtaalamu akisema mstari wenu uko chini mno, msikilizeni. Nanyi mkisema maji yalipita njia nyingine, naye awasikilize. Mkono mmoja haulei mwana, wala haujengi mji.

Ndugu wapendwa, hatukuja kuwaahidi kwamba karatasi itazuia mto. Mvua kubwa zitanyesha, na joto lililokwisha kuingia katika bahari litaendelea kuipandisha hata baada yetu. Lakini kuna tofauti kati ya watu wanaokutwa na maji usingizini na watu waliokwisha kuyaona yakija, wakajadiliana, wakakubaliana nani abebe mzee na nani abebe mtoto. Bonde la Msimbazi limetufundisha kwamba kesho huchorwa siku zote na mtu fulani. Tukikataa kushika kalamu, haina maana kwamba karatasi itabaki nyeupe. Tumeona kwa macho yetu rangi ipakwayo katika milango ya walionyamaza.

Twawaombea ujasiri na subira katika kazi hii. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika mtaa wetu kuna nyumba, barabara au mtaro uliowekwa mahali pasipofaa? Nani aliamua, na nani anaumia?

2. Ni nani katika jumuiya yetu asingeonekana katika mchoro wa kesho kama ungechorwa leo bila kutuuliza?

3. Je, wapangaji na wenye nyumba wa mtaa wetu wamewahi kuketi pamoja kuzungumza juu ya mafuriko? Nini kimezuia?

4. Tukichora kesho tatu kama ilivyoelezwa, ni ipi inayotutia hofu, na ni ipi tuliyo tayari kuanza kuifanyia kazi kabla ya masika yajayo?